Asilimia Tisini ya Akina Nani?

Mzazi wa Uyole, Mbeya, anapouza magunia ya viazi ili mwanawe akasome kozi ya miezi sita ya kuandika programu za kompyuta, anachokilipia hasa ni ajira. Ndiyo maana mstari mmoja wa tangazo, ule unaosema asilimia fulani ya wahitimu wetu wameajiriwa, huwa na nguvu kuliko picha za madarasa, majina ya lugha za programu, hata ada yenyewe. Mstari huo ndio unaofungua pochi. Na aliyeuandika ni yule yule anayeuza kozi.

Mbeya na Iringa hazina upungufu wa mahali pa kusoma. Iyunga kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012 baada ya maisha marefu kama chuo cha ufundi. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna RUCU ya Kanisa Katoliki, kuna Mkwawa. VETA ipo katika mikoa yote miwili. Iringa pia inafahamika kwa vituo vya kulea vijana wabunifu kama Kiota Hub na RLabs. Juu ya hao wote wamekuja watoa mafunzo wa mtandaoni, kama ALX, ambao kijana wa Kihesa, Iringa, anawapata kwenye simu bila kupanda gari. Kijana aliyemaliza kidato cha sita ana njia nyingi kuliko alizokuwa nazo kaka yake, na kila njia inaizungumzia ajira kwa namna yake. Kuzilinganisha bila kwanza kuelewa asilimia zinavyotengenezwa ni kubahatisha.

Nianze mbali, kwa sababu huko wenzetu walikwisha kulifikisha suala hili mbele ya vyombo vya dola na ukweli ukaandikwa.

Oktoba 2017, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alifikia makubaliano na Flatiron School, shule ya programu iliyokuwa na jina kubwa. Shule ilikuwa ikitangaza kwamba asilimia 98.5 ya wahitimu wake wamepata kazi, na kwamba wastani wa mshahara wao ni dola 74,447 kwa mwaka. Ubaya ulikuwa katika nani amehesabiwa wapi. Katika ile 98.5 walitiwa wanagenzi, watu wa mikataba ya muda na waliokuwa wakijitafutia vibarua. Ilipofika zamu ya mshahara, waliohesabiwa ni wenye ajira ya kutwa nzima tu, ambao walikuwa asilimia 58 ya wahitimu wa darasani na asilimia 39 ya wale wa mtandaoni. Kwa hiyo kundi pana lilitoa asilimia, kundi dogo likatoa mshahara, na msomaji wa tangazo akaachiwa aziunganishe namba hizo mbili kichwani kana kwamba zinawahusu watu wale wale. Shule ililipa dola 375,000.

Aprili 2024 ikawa zamu ya BloomTech, iliyokuwa ikiitwa Lambda School. Shirika la serikali ya Marekani linalowalinda watumiaji wa huduma za fedha lilieleza kwamba shule hiyo ilitangaza kuwa kati ya asilimia 71 na 86 ya wanafunzi hupata kazi ndani ya miezi sita, huku taarifa ilizowapa wawekezaji wake zikionyesha karibu asilimia 50, na kwa baadhi ya makundi zikishuka hadi 30. Mwanzilishi wake, Austen Allred, aliwahi kutangaza mtandaoni kwamba kundi moja limefikia asilimia 100. Baadaye, katika ujumbe wa faragha, alikubali kwamba kundi hilo lilikuwa na mwanafunzi mmoja.

Namtaka mzazi wa Uyole akumbuke huyo mwanafunzi mmoja. Shule nyingi za programu katika miji yetu hupokea watu wachache kwa mkupuo. Darasa likiwa na watu 15, kila mtu anabeba karibu asilimia saba peke yake. Binamu wa mwenye shule akipata kazi benki, asilimia inapanda. Mhitimu mmoja akipatwa na msiba na kurudi Kyela kusimamia mashamba ya mpunga, inashuka. Asilimia isiyokuja na idadi ya watu haijasema kitu.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, tuupe sura ya hapa kwetu. Tuseme shule moja ya Mwanjelwa imeandikisha vijana 60 kwa mwaka. Waliofika mwisho ni 40; wengine wameishiwa fedha za kujikimu, wengine masomo yamewashinda, mmoja amepata nafasi jeshini. Miezi sita baadaye shule inawapigia simu wahitimu wake na inawapata 25. Kati ya hao, 20 wanasema wana kazi. Tangazo la mwaka unaofuata litaandikwa asilimia 80, na hakuna atakayeweza kusema shule imedanganya, kwa kuwa 20 kati ya 25 ni asilimia 80 kweli. Ukigawa kwa waliohitimu, ni 50. Ukigawa kwa walioandikishwa, ambao ndio waliotoa fedha, ni 33. Tena wale wasiopokea simu hawakosekani kwa bahati tu: mwenye kazi nzuri hupokea simu ya mwalimu wake kwa furaha, na asiye na kazi huiacha iite.

Halafu tuwaite hao 20 mmoja mmoja. Sita wanajitolea: wako katika ofisi ya halmashauri au kwenye taasisi, wanapewa nauli na chakula cha mchana, wakisubiri nafasi itangazwe. Wanne wameajiriwa na shule yenyewe kuwa wasaidizi wa walimu, na mkataba wao unaisha kundi jipya likija. Watatu wako steshenari, wanachapa barua, wanatoa nakala na kuwajazia watu maombi ya kazi na ya mkopo mtandaoni. Wawili wamejiajiri, kila mmoja alitengeneza tovuti ya nyumba ya wageni mara moja na bado anatafuta mteja wa pili. Waliobaki ni watano, na hao wanaandika programu na kulipwa mshahara kila mwezi.

Watano kati ya 60 ni asilimia nane. Shule ni ile ile, mwaka ni ule ule, nayo inaweza kusema 80, 50, 33 au 8 bila kutunga hata mtu mmoja.

Simdharau aliye steshenari. Kazi ya steshenari iliyo karibu na geti la chuo ni kazi, inalipa kodi ya chumba, na wengi waliofika mbali walianzia pale. Lakini haikuhitaji miezi sita ya kujifunza programu, na anayenunua kozi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kulipa. Kujitolea ndiko kunakonisumbua zaidi, kwa sababu nchi nzima imekuzoea. Kijana anaulizwa uko wapi siku hizi, anajibu niko ofisi fulani, na jibu hilo linatosha kumwingiza katika safu ya walioajiriwa. Hata watakwimu wa nguvukazi wana ukarimu wa namna yao: kwa viwango vya Shirika la Kazi la Kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato walau saa moja katika siku saba anahesabiwa kuwa na kazi. Wao wana sababu zao, wanapima uchumi wa nchi nzima. Shule inayotoza ada haifai kuazima ukarimu huo.

Kipimo cha kutenganisha ajira na shughuli kipo, na hakihitaji mtaalamu. Mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa na sheria kumwandikisha mfanyakazi wake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na michango kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Ukimpata mhitimu kwa simu, usimuulize kama ana kazi. Muulize kama ana mkataba wa maandishi, kama anakatwa NSSF, na tangu lini. Anayejitolea atakujibu kwa uaminifu, maana swali halimwaibishi. Kuhusu kiasi cha mshahara, wengi hawapendi kutaja, na si adabu kumbana; muulize tu kama kinazidi kima cha chini cha serikali, kilichopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Ndiyo au hapana inatosha.

Mwaka 2017 shule kadhaa za Marekani ziliunda baraza la kusimamia uadilifu wa takwimu hizi, linalojulikana kwa kifupi CIRR, na utaratibu wake ni mzuri kuigwa hata na anayefundisha kwenye chumba kimoja pale Kihesa. Kila aliyejiandikisha anatajwa alikoishia. Wahitimu wanatazamwa siku 180 baada ya kumaliza. Walioajiriwa kutwa nzima katika fani wanawekwa safu yao, wa muda safu yao, waliojiajiri yao, walioajiriwa na shule yao, walio nje ya fani yao, na wasiojulikana walipo nao wanaandikwa, hawafutwi. Ni jedwali la ukurasa mmoja. Shule inayojua wanafunzi wake walipo italiandika jioni moja. Isiyojua ilitoa wapi asilimia?

Mfano wa Afrika unafundisha jambo jingine. Andela ilianza Lagos mwaka 2014, ikafungua milango Nairobi na Kampala. Ilikuwa ikichagua vijana wachache mno, inawafundisha, inawaajiri yenyewe, kisha inawakodisha kwa kampuni za nje. Kwa kipimo chochote cha siku ile, hao walikuwa na ajira nzuri. Septemba 2019 iliwaachisha kazi mamia ya wahandisi wachanga nchini Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba soko sasa linataka wazoefu. Sioni udanganyifu hapo. Ninachokiona ni kwamba takwimu ya ajira ina tarehe yake, na tangazo la mwaka huu lenye mafanikio ya 2018 linazungumzia soko ambalo halipo tena. Tangu zije zana za akili mnemba zinazoandika programu, kazi zile za mwanzoni alizokuwa akipewa asiye na uzoefu ndizo za kwanza kutiliwa shaka. Desemba 2024 kampuni ya 2U, iliyokuwa ikiendesha kozi za namna hii kwa niaba ya vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, ilitangaza kuachana nazo. Kwa hiyo daima uliza: hawa mnaowataja walimaliza mwezi gani, mwaka gani?

Kuna swali lingine ambalo hata shule aminifu hulikwepa: aliyepata kazi alikuja na nini? Kozi nyingi fupi hupokea watu waliokwisha kusoma. Kijana mwenye shahada ya uhandisi wa kompyuta kutoka MUST anaongeza miezi mitatu ya kujifunza kutengeneza programu za simu, anapata kazi, na kozi fupi inamtia katika hesabu yake. MUST nayo ikifuatilia wahitimu wake itamhesabu. Wote wawili wanasema kweli. Lakini mtoto wa kidato cha nne wa Mufindi akiiona asilimia ile asidhani ni yake. Anachopaswa kuuliza ni wangapi walioingia na cheti cha kidato cha nne tu, na hao leo wako wapi. Kwa maoni yangu, kwa mtu asiye na shahada hilo ndilo swali la thamani kuliko yote, na ndilo lenye majibu mafupi zaidi.

Tuje kwenye fedha. Watu hulinganisha ada kwa ada, na hapo ndipo wanapopotea. Linganisha kiasi ambacho darasa zima limelipa kwa kila ajira moja iliyopatikana. Turudi kwenye shule yetu ya kubuni: ada yake tuseme ni shilingi 900,000. Vijana 60 wamelipa milioni 54, na wamepatikana watano wanaoandika programu kwa mshahara. Kila ajira imegharimu shilingi 10,800,000. Jirani yake, tuseme, anatoza 1,500,000, watu wanamkimbia kwa ughali. Lakini anachukua 30 tu, na 12 kati yao wanapata kazi ya fani. Darasa limelipa milioni 45, kila ajira shilingi 3,750,000. Mwenye ada kubwa ana bei nafuu karibu mara tatu. Na katika tangazo lake, akiwa mkweli, ataandika asilimia 40, huku mwenzake akiandika 80.

Ada pia si gharama yote. Kompyuta mpakato, hata iliyotumika, ni laki kadhaa. Bando la kupakua zana na kutazama masomo linakula kuliko mtu anavyodhani. Anayetoka Makete au Ileje atapanga chumba. Miezi sita ya kukaa darasani ni miezi sita ya kutokuwa shambani au dukani.

Kubwa kuliko hayo ni safari inayokuja baada ya cheti. Waajiri wanaotafuta waandishi wa programu wengi wako Dar es Salaam, na kwa mifumo ya serikali Dodoma, yaliko makao ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Nyanda za Juu Kusini zina hospitali, SACCOS, viwanda vya chai na maziwa, kampuni za mbao. Zinahitaji mifumo, lakini nyingi huinunua tayari au humwita mtu mmoja kuitunza. Shule ya Iringa inaposema wahitimu wetu wameajiriwa, uliza ni wangapi wameajiriwa Iringa. Kama kazi ziko Dar es Salaam, weka katika hesabu yako nauli, kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba ataitaka kwa miezi mitatu au sita mbele, na ndugu wa kufikia. Kijana asiye na wa kumpokea hana nafasi sawa na mwenzake mwenye mjomba Mbagala, hata wakipata alama zile zile.

Ukipima njia nyingine, kila moja ina bei yake na ukweli wake. Shahada inachukua miaka mitatu au minne, na Bodi ya Mikopo inaweza kumkopesha anayestahili. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza pia na stashahada katika baadhi ya fani. Mkopo huo hulipwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara. Anayelia kwamba ni nyingi ajue kwamba BloomTech ilikuwa ikichukua asilimia 17 ya mshahara wa wahitimu wake. Shahada inafungua pia mlango ambao cheti cha kozi fupi hakiufungui: nafasi za Afisa TEHAMA zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira hudai shahada kutoka chuo kinachotambuliwa. Shule fupi inayodokeza kwamba cheti chake kitakupeleka serikalini inakupotosha, na hapo huhitaji takwimu yoyote kuijua.

VETA ni nafuu mno, kozi ndefu zimekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ila kituo chake mahsusi cha TEHAMA kiko Kipawa, Dar es Salaam. Masomo ya bure ya mtandaoni, kama freeCodeCamp au lile somo la CS50 la Harvard, hayakuahidi kazi wala hayakutozi ada. Unalipa bando na nidhamu, na hiyo ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Kwa anayeijua nafsi yake kwamba hasomi bila kusukumwa, kozi ya darasani yenye mwalimu mkali inaweza kuwa na thamani hata kama takwimu zake ni za kawaida, mradi ameelezwa ni za kawaida.

Usajili nao utazamwe. Orodha ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, iko wazi kwa kila mtu. Lakini usajili unathibitisha kwamba taasisi ina sifa za kufundisha. Hauthibitishi asilimia iliyochapishwa kwenye bango.

Wapo wamiliki watakaosema hawawezi kutoa taarifa za wahitimu kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kutoa namba ya simu ya mtu bila ridhaa yake ni kosa kweli, na mzazi asilazimishe. Idadi kwa mafungu, isiyotaja jina la mtu, haimvunjii yeyote faragha. Na mhitimu anayejivunia kazi yake atakubali mwenyewe kuzungumza na mzazi mmoja kwa dakika kumi. Shule iombwe watatu wa kundi la mwisho, wachaguliwe na mzazi kutoka kwenye picha ya mahafali, siyo na mwalimu.

Baada ya hapo omba asilimia ile iingizwe kwenye fomu ya kujiunga, pamoja na idadi ya watu, mwezi waliomaliza, na maana ya neno kuajiriwa, kisha mwenye shule asaini na kugonga mhuri. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara wa kupotosha, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Malalamiko yenye karatasi iliyosainiwa ni rahisi kushughulikia kuliko ya maneno yaliyosemwa ofisini. Omba kulipa kwa awamu, ya mwisho iwe baada ya moduli ya mwisho. Akikubali yote hayo huku namba yake ni 35, mimi ningempa fedha zangu kabla ya yule wa 90 anayesema takwimu ziko makao makuu. Na kama hakuna hata mmoja mjini anayekubali, fedha hizo zinunue kompyuta nzuri na bando la miezi sita, kijana aanze na masomo ya bure akiwa nyumbani, na mwakani warudi kuuliza tena.